Krenki iliyosawazishwa bado itatetemeka

Nimeletewa tena krenki, yaani shafti inayogeuza kupanda na kushuka kwa pistoni kuwa mzunguko, ya pikipiki ya zamani ya silinda mbili sambamba, na agizo ni lilelile: "Fundi, isawazishe mpaka isitetemeke kabisa." Haiwezekani. Nimechoka kulieleza mdomoni, sasa naliandika.

Nazungumzia injini za Uingereza za mtindo ulioenezwa na Triumph Speed Twin ya 1937. Pistoni zote mbili hupanda pamoja na kushuka pamoja, kwa hiyo hakuna inayoipinga mwenzake. Kazi yote imeachiwa uzito wa flaiwili, gurudumu zito lililo kwenye krenki.

Kinachozunguka, yaani kichwa kikubwa cha konrodi (fimbo inayounganisha pistoni na krenki) na beringi zake, kinasawazishwa chote. Hapo hakuna mjadala. Ugomvi uko kwenye kinachopanda na kushuka: pistoni, ringi, pini, klipu na kichwa kidogo cha konrodi. Tuseme ni gramu 500 kwa kila silinda. Basi weka 500 upande wa pili, tumalize? Hapana! Uzito wa flaiwili hauendi juu na chini tu, unazunguka. Pistoni ikiwa juu kabisa, uzito uko chini na unaipinga vizuri. Krenki ikienda robo mzunguko, uzito uko ubavuni, na huko hakuna pistoni ya kushindana nao. Ukisawazisha asilimia 85, yaani gramu 425, umebakiza 75 za kupiga juu na chini, na umezalisha 425 za kupiga mbele na nyuma. Ukisawazisha asilimia 50, ni 250 huku na 250 kule. Jumlisha mwenyewe: 500 ziko palepale. Unachochagua ni upande wa kutetemekea.

Na upande huo unaamuliwa na fremu. Norton Commando, ambayo injini yake imekalia vipande vya mpira vya kumeza mtetemo, ilitumia kama asilimia 52. Triumph za cc 650 za mwishoni mwa miaka ya 1960, zilizofungwa kwa bolti moja kwa moja kwenye fremu, 85. Ukihamisha namba ya hii kwenda kwa ile, mikono itakufa ganzi. Hapa sina hesabu ya kunipa jibu la uhakika: naanza na namba ya kiwanda, naendesha, nausikiliza usukani.

Kuna pia mtetemo unaopiga mara 2 kila mzunguko, kwa sababu ya mlalo wa konrodi. Flaiwili haiugusi.

Kosa linaloniudhi zaidi ni la oili. Pini ya krenki, ile inayoshikwa na kichwa kikubwa cha konrodi, ina uwazi ndani. Injini ikiwaka, uwazi huo umejaa oili, nayo inazunguka. Safisha tope lote, kisha uingize uzito wa oili kwenye hesabu. Wengi wanausahau.

Kuhusu kupeleka krenki hizi kwenye mashine ya kusawazisha ikizungushwa, nina shaka. Flaiwili iko katikati na shafti ni fupi. Mara nyingi sijaona tofauti barabarani. Mimi nafunga kwenye pini ya krenki vizito vya kukaa badala ya konrodi na ile asilimia niliyochagua ya pistoni, nailaza krenki juu ya reli 2 zilizonyooka, natoboa kidogo upande mzito, naizungusha tena. Ikikaa popote ninapoiachia bila kujirudisha, naweka drili chini.