Mukene (dagaa) ni wa watu kwanza, kuku baadaye

Mwaka 1961, samaki wa chakula wakigawanywa kwa watu wote duniani, kila mmoja alipata kilo 9 hivi kwa mwaka. Kufikia 2022 zilikuwa zimepita 20. Nafanya kazi ya uchumi wa uvuvi hapa Jinja, Uganda, kando ya Ziwa Victoria, na takwimu hizi za FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, nazisikia zikitajwa kana kwamba neema imeenea kote. Haijaenea. Afrika iko kwenye kilo 9 na kitu, hata nusu ya wastani hatufiki, na watu wanaongezeka upesi kuliko samaki.

Hesabu yenyewe hufanywa hivi: samaki waliovuliwa na kufugwa, jumlisha walioagizwa kutoka nje, toa waliouzwa nje na waliokwenda kwenye matumizi mengine kama chakula cha mifugo, kisha gawanya kwa idadi ya watu. Samaki hupimwa mzima, na mifupa yake na kichwa. Kwa hiyo hizo si kilo za minofu sahanini, wala hazisemi nani alikula mnofu na nani aliambulia mchuzi.

Kilichopandisha wastani ni ufugaji, hasa Asia. Mwaka 2022 samaki na wanyama wengine wa majini waliofugwa walifika tani milioni 94, wakawapita wa kuvuliwa kwa mara ya kwanza.

Sisi huku sangara wetu hukatwa minofu kwa soko la Ulaya, na bondo lake, yaani mfuko wa hewa wa tumboni, huenda China. Biashara hiyo siipingi, inaleta fedha za kigeni. Kinachoniuma ni mukene, yule ambaye Watanzania humwita dagaa na Wakenya omena. Huliwa mzima, kwa hiyo mlaji hupata kalsiamu ya mifupa, madini ya chuma, zinki na vitamini A, vitu ambavyo mnofu mweupe wa sangara hauna kwa wingi huo. Unga wake ukitiwa kwenye uji, hata mtoto mdogo anakula. Tena huzaliana upesi. Lakini sehemu kubwa yake huishia kwenye vinu vya chakula cha kuku.

Sababu kubwa ni mchanga. Mukene akianikwa chini, hukauka na mchanga wake. Mvua ikinyesha, huoza. Mpishi hamtaki, na wanunuzi wa kutoka Kongo humtafuna mmoja kabla ya kutaja bei: "Mama, huyu ana mchanga, siwezi kumchukua." Mwenye kinu humchukua, kwa bei ya chini.

Dawa inajulikana: kichanja cha miti na wavu, hewa ipite juu na chini. Lakini wanawake wanaoanika mukene mara nyingi hukodi kiwanja cha kuanikia, na mwenye kiwanja anaweza kukataa nguzo zisichimbiwe. Basi halmashauri zinazotoza ushuru mialoni, pale samaki wanaposhushwa, zianzie hapo: zitenge uwanja wa kuanikia, zijenge vichanja na paa la kukimbilia mvua ikija.