Je, wajua kwa nini tamasha la mvinyo humlazimu mgeni kufunga safari?

Mwezi Oktoba unapoingia, anayesafiri kutoka Mtwara mjini kuelekea Newala hukutana na harufu ya mabibo kila anapopita penye mikorosho. Korosho huokotwa, hupelekwa ghalani na kungoja mnada, lakini bibo, tunda lenye vitamini C nyingi kuliko chungwa, kwa sehemu kubwa huachwa chini likaoza. Machache yanayookolewa hukamuliwa, na maji yake yakichacha huwa uraka, kinywaji kisichosubiri mtu: leo ni kitamu, baada ya siku chache ni siki.

Anayeujua uraka hapati taabu kuelewa kwa nini watu wa nchi za zabibu husafiri kwenda kunywa mvinyo karibu na shamba, ilhali chupa zimejaa madukani kwao. Kinywaji cha msimu si kile cha chupa. Zabibu zikishakamuliwa, hamira hula sukari yake, ikatoa kileo pamoja na gesi ya kaboni dayoksaidi. Wajerumani huunywa mvinyo huo ungali unaumuka na huuita Federweißer. Chupa yake haikazwi kizibo, kwa kuwa gesi inayoendelea kutoka ingeipasua. Haufai kuwekwa wala kusafirishwa mbali, na msimu wake ni wiki chache tu, kwa hiyo anayeutaka huufuata ulipo.

Haja hiyo ya kufuata ndiyo inayozilisha nyumba za wageni, mahoteli na madereva wa mikoa ya mvinyo. Bad Dürkheim, mji wa Ujerumani wenye wakazi wasiofika 20,000, hupokea kila Septemba wageni wapatao 600,000 katika tamasha lake, ambalo chimbuko lake ni soko la mahujaji la karne ya 15. Mendoza, nchini Argentina, husherehekea mavuno mwanzoni mwa Machi, na tamasha rasmi lilianza mwaka 1936: matunda hubarikiwa, malkia wa mavuno huchaguliwa, na mgeni aliyekuja kwa ajili ya mvinyo hujikuta akitazama ngoma na kulala siku mbili zaidi.

Mfano ulio karibu nasi zaidi uko Goa, India. Wareno waliupeleka mkorosho huko kutoka Brazili, kama walivyouleta pwani yetu. Maji ya mabibo yaliyochacha hupikwa, na kinachopatikana kwanza kwa mvuke huitwa urrak, jina linalokaribiana mno na uraka wetu. Kikipikwa tena huwa feni, ambayo tangu mwaka 2009 inalindwa kisheria kuwa ni ya Goa.

Naamini kwa dhati kwamba Mtwara ina kila kinachohitajika kwa tamasha la mabibo: mji mkongwe wa Mikindani, sindimba ya Wamakonde, na msimu unaoanza kabla mvua kubwa hazijaharibu barabara. Kwa kuwa wenyeji wengi ni Waislamu, juisi ya mabibo na jamu yake zingepaswa kukaa mbele, si pembeni, ili sherehe iwe ya wote. Na bibo lililodondoka asubuhi halifiki Dar es Salaam likiwa zima. Atakayetaka kulionja itabidi apande basi la kusini.