Maana ya matarajio katika muziki

Ukimuuliza mtu kwa nini anaupenda wimbo fulani, atakuambia kwamba una mahadhi matamu, kwamba mwimbaji ana sauti nzuri au kwamba maneno yake yana ujumbe. Majibu hayo ni ya kweli, lakini hayaelezi kwa nini maneno yaleyale yakisomwa kwenye karatasi hayamsisimui mtu, wala kwa nini sauti hiyohiyo nzuri huchosha katika wimbo mmoja na kuliza watu katika mwingine. Wanaochunguza muziki na ubongo hulieleza jambo hili kwa dhana ya matarajio. Matarajio katika muziki ni ile hali ya akili kukisia, bila mtu mwenyewe kukusudia, ni sauti gani itafuata na itafuata lini. Hisia za msikilizaji huzaliwa pale makisio hayo yanapotimia, yanapocheleweshwa au yanapopindishwa. Mtaalamu wa Kimarekani, Leonard Meyer, aliijenga hoja hii kwa kina mwaka 1956, na hadi leo ndiyo inayoniridhisha kuliko nyingine zote nilizowahi kuzisoma.

Akili haihitaji kwenda shule ya muziki ili ianze kukisia. Abiria wa treni ya Reli ya Kati anayetoka Tabora usiku kuelekea Kigoma husikia magurudumu yakigonga maungio ya reli kwa mpigo unaojirudia, na haupiti muda kabla kidole chake hakijaanza kwenda na mpigo huo juu ya goti. Treni inapopunguza mwendo kuingia Kaliua au Uvinza, pigo huchelewa, na hata aliyekuwa amesinzia hufumbua macho. Huo bado si muziki, lakini msingi wa muziki umo: mpigo, mazoea, na mshtuko mdogo mazoea yanapovunjwa.

Nililiona jambo hili kwa karibu zaidi katika harusi moja pale Isevya, mjini Tabora. Mwimbaji alikuwa akiongoza wimbo ambao kila aliyekuwapo alikijua kiitikio chake, na mara mbili za mwanzo watu walikiitikia vizuri tu, huku wakiendelea na mazungumzo yao. Mara ya tatu, kiitikio kilipokaribia, magitaa na ngoma vilinyamaza kwa pamoja, yakabaki manyanga peke yake yakichakarisha polepole. Mama mmoja aliyekuwa akipita na sinia la pilau alisimama, kisigino kikiwa hakijagusa chini, macho yakiwa kwa mwimbaji. Ukimya ule haukuzidi mapigo manne. Kisha kiitikio kikaangushwa, vigelegele vikapasuka kila upande, na yule mama akaendelea na safari yake akitembea kwa kufuata mdundo. Maneno ya kiitikio hayakuwa yamebadilika hata moja. Kilichoongezeka ni kusubiri.

Kusubiri huko kuna alama yake ndani ya ubongo. Mwaka 2011 watafiti wa Chuo Kikuu cha McGill, mjini Montreal nchini Kanada, waliwapima watu waliokuwa wakisikiliza nyimbo zinazowasisimua mpaka mwili ukaota vipele. Waligundua kwamba ubongo hutoa dopamini, kemikali ileile inayohusika na raha ya chakula kwa mwenye njaa, na kwamba huitoa katika sehemu mbili tofauti: moja wakati msikilizaji anaukaribia mshororo anaoupenda, nyingine wakati mshororo wenyewe unafika. Maana yake ni kwamba raha ya wimbo huanza kabla ya kile tunachodhani ndicho kinachotufurahisha. Mimi huliona hili kuwa jambo la kustaajabisha sana, kwa kuwa sauti hailishi, hainyweshi wala haimkingi mtu na mvua, na bado mwili huipokea kama riziki.

Hata hivyo, si kila mshangao ni mtamu. Watafiti wa Leipzig, Ujerumani, walichapisha mwaka 2019 uchunguzi wa nyimbo 745 zilizowahi kuvuma Marekani, wakikadiria kwa kompyuta jinsi kila kodi, kama wapiga gitaa wanavyoziita sauti zinazopigwa pamoja, inavyotabirika kutokana na zilizotangulia. Wasikilizaji walifurahia zaidi katika hali mbili: walipokuwa na hakika ya kinachokuja kisha wakashangazwa, na walipokuwa hawana hakika kisha kikaja kitu cha kawaida kikawatuliza. Hapo ndipo inapoeleweka kwa nini wimbo mpya kabisa huweza kutuacha baridi siku ya kwanza, ukatukolea baada ya kuusikia mara kadhaa, kisha ukachosha redio zinapoupiga asubuhi na jioni. Mwanzoni hatuna la kutarajia, na mwishoni hakuna kinachosalia cha kusubiri.

Tabora inalijua somo hili tangu zamani. Ni mji uliotoa bendi kama Kiko Kids, Tabora Jazz na Nyanyembe Jazz, na katika muziki wa dansi wa enzi hizo ni kawaida wimbo kuanza kwa utulivu, mwimbaji akisimulia mambo yake bila haraka, kabla magitaa hayajapewa nafasi na wachezaji hawajajimwaga uwanjani. Mzee anayezisikia nyimbo hizo leo hutarajia mambo mawili kwa pamoja: gitaa litakaloingia, na ujana wake utakaoingia nalo, kwa maana kumbukumbu ya mahali na watu hushikana na mahadhi kwa nguvu isiyo ya kawaida.

Hata huzuni huingia katika hesabu hii. Mahadhi ya polepole na sauti ya chini hufanana na namna mtu mwenye majonzi anavyosema, hivyo tunaitambua huzuni ndani yake, lakini kwa kuwa hakuna msiba halisi uliotufika, tunaweza kulia na kuliwazika kwa wakati mmoja.

Limebaki swali la matarajio haya yanatoka wapi. Mengi hufundishwa na mazingira. Mwaka 2016 ilichapishwa taarifa ya utafiti juu ya Watsimane wa Bolivia, ambao sauti zinazowakera wasikilizaji wa Marekani kwa kutooana haziwakeri wao hata kidogo, maana masikio yao hayakulelewa kuzitenga. Mpigo, kwa upande wake, unaonekana kututangulia duniani. Watafiti waliowapigia ngoma watoto wachanga wa siku mbili tatu wakiwa usingizini, na kuuacha makusudi mpigo mkuu, waliona mwaka 2009 kwamba ubongo wa watoto hao ulishtuka mahali pale ambapo pigo lilikosekana. Kichanga ambaye hajalijua hata jina lake, kumbe amekwisha kusubiri ngoma.