Je, wajua kwa nini wacheza tenisi hupenda kupiga mshazari?

Tazama mechi ya tenisi ya mmoja kwa mmoja: mpira hutoka kona ya huyu kwenda kona ya yule kwa mshazari, mara tatu, nne, tano, kabla mmoja hajathubutu kuunyoosha sambamba na mstari wa pembeni. Mwanafunzi wa sekondari anayetazama hudhani wanaogopana. Kumbe wanapiga hesabu.

Wavu una kimo cha sentimita 91.4 katikati na 107 kwenye nguzo. Mpira wa mshazari hupita pale palipoinama. Wa kunyoosha hupita pembeni, palipoinuka. Tena uwanja una urefu wa mita 23.77, lakini kona hadi kona ni kama mita 25.15. Umeongezewa zaidi ya mita moja ya bure.

Wengi huishia hapo, ilhali sababu nzito iko miguuni. Tuseme uko kona yako ya kulia, nawe hutumia mkono wa kulia. Ukipiga mshazari, pembe zote anazoweza kukujibu mpinzani zina kitovu chake upande wako wa kulia, kwa hiyo unarudi ukiishia hatua moja kabla ya alama ya katikati ya mstari wa nyuma. Ukinyoosha, kitovu kinahamia kushoto: lazima uvuke alama hiyo, tena mbio, maana yeye sasa ana mshazari wa kukukimbiza nao. Mchezaji anayenyoosha ovyo huchoka seti ya kwanza, kisha husingizia jua.

Kuna na mtego wa raketi. Mpira uliokuja mshazari ukiugeuza ghafla, hauendi sawasawa inakotazama raketi. Huteleza kuelekea nje. Ndiyo maana ukilenga mstari wenyewe unatoka. Lenga mita moja ndani.

Sasa, unyooshe lini? Mpira ukiwa mfupi, wewe ukiwa umeingia ndani ya mstari wa nyuma, na miguu imetulia. Moja kati ya hayo likikosekana, rudisha mshazari.

Zoezi lake halihitaji gharama. Jazeni mchanga chupa nne za nusu lita, muweke mbili kila upande, moja kila kona, mita moja kutoka mstari wa pembeni na mita moja na nusu kutoka wa nyuma. Hizo ni shabaha. Mmoja aanzishe kwa kudondosha mpira mkononi, si kwa sevu (pigo la kuanzishia pointi), na wote wapige forihendi, pigo la upande wa mkono unaoshika raketi, kwa mshazari tu, mpira ukipita kama mita moja juu ya wavu. Mpira ukianguka mbele ya mstari wa sevu, yaani ndani ya mita 6.4 kutoka kwenye wavu, uwanja wote unafunguka na aliyepokea anaruhusiwa kunyoosha. Chezeni hadi pointi 11, kisha mhamie bekihendi, pigo la upande wa pili wa mwili.

Huko bekihendi ndiko wengi huumia. Rafael Nadal, wa mkono wa kushoto, alikuwa akitupa forihendi yake ya mshazari, yenye mzunguko mkali, kwenye bekihendi ya mkono mmoja ya Roger Federer; mpira uliruka hadi begani. Alimshinda hivyo katika fainali nne za Roland Garros, mashindano makubwa ya tenisi ya Paris: 2006, 2007, 2008 na 2011. Kwa hiyo raundi ya bekihendi ichezwe mara mbili.