Ghala la mawe shambani: usikimbilie simenti

Watu wenye mashamba ya urithi, kuanzia Kigamboni mpaka njia ya Bagamoyo, wananitumia sana picha za maghala ya mawe, yale ya zamani ya kuwekea nazi na mbata, na swali huwa ni hilohilo, tubomoe au tupige lipu ya simenti? Mimi ni msanifu majengo na kazi zangu nyingi ni hizi za majengo ya kale, jibu langu ni kwamba usifanye hata kimoja kabla hujajua ukuta wako umejengwaje.

Ukuta wenyewe ni mawe ya matumbawe, hayakuchongwa sana, yamepangwa nje na ndani halafu katikati pakajazwa vipande na udongo wa chokaa, mchanga na udongo mwekundu. Nondo hakuna. Ndo maana unakuta unene wa sentimita 50 au 60, maana tumbawe ni jiwe laini na chokaa nayo sio ngumu, kwa hiyo nguvu inatoka kwenye unene na uzito.

Sasa pima upana wa ndani. Mara nyingi hauzidi mita 3 hivi, hata kama ghala lina urefu wa kutosha kuchezea mpira, na watu wanadhani mwenye shamba alibana hela, kumbe aliyepanga upana ni mkoko! Dari na sakafu ya juu vilibebwa na boriti za mikoko, na boriti iliyonyooka, ngumu, ya kubeba mawe na chokaa juu yake haipatikani ndefu kihivyo. Ukitaka kuona ujenzi wa aina hii bila kwenda mbali, nenda Boma la Kale pale Sokoine Drive, Dar es Salaam, la miaka ya 1860 enzi za Sultan Majid wa Zanzibar.

Haya, tuje kwenye chokaa, hapa ndo penye kesi. Tumbawe likichomwa kwenye tanuri, joto linafika nyuzi kama 900, linatoa hewa ya kabonidayoksaidi, unabaki na jiwe jepesi ambalo ukilimwagia maji linachemka lenyewe na kuwa unga au uji, halafu likishapakwa ukutani linaanza kuivuta ile hewa tena polepole, miezi na miaka, mpaka linarudi kuwa kitu kilekile lilichokuwa mwanzo. Kwa hiyo jiwe na kinacholishika ni ndugu, vinanyonya unyevu na kuutoa pamoja.

Simenti haina huo undugu. Maji yanapanda kutoka chini (ghala nyingi hazina kizuizi chochote kwenye msingi), yanayeyusha chumvi iliyomo kwenye matumbawe na mchanga, yakitafuta pa kutokea yanakuta lipu ngumu, basi chumvi inagandia hapohapo nyuma ya lipu, inavimba na kusukuma. Gonga kwa kifundo cha kidole usawa wa kiuno kushuka chini, ukisikia inalia wazi kama debe tupu ujue imeshaachia. Ibandue kidogo uone: nyuma kuna unga mweupe, na uso wa jiwe umetoka na lipu. Fundi atakwambia ukuta umeoza, aongeze mifuko ya simenti. Hapana bana, ulioza baada ya yeye kupita!

Kazi ianze juu. Paa kwanza, maana boriti nyingi huozea ncha, pale zinapoingia ukutani na maji yanatiririka humo, katikati unakuta bado ni ngumu kama chuma. Za kubadilisha zitafutwe kwa kibali, mikoko ni misitu ya hifadhi. Kisha punguza ule udongo uliojikusanya nje ya ukuta, na mifereji ielekee mbali. Lipu ya simenti itolewe taratibu kwa patasi, sio nyundo kubwa, na pale inapotaka kutoka na jiwe usilazimishe.

Chokaa mpya iloweke wiki kadhaa, ikikaa zaidi ndo inazidi kuwa tamu, paka tabaka nyembamba nyembamba, na kila tabaka liwekewe magunia yenye maji lisikauke haraka kwa jua letu hili. Wakati wa masika subiri. Na fundi akikuomba aongezee simenti kidogo tu ili ishike haraka, mkatalie.