Maswali na majibu: lango la hisia katikati ya ubongo

Kondakta wa matatu anatambuaje sarafu ya simba na ya ndovu bila kutazama?

Ukingo wa sarafu ukiugusa ukucha na ngozi ya kidole, neva hupeleka ujumbe wa umeme kwa kasi ya mita 35 hadi 75 kwa sekunde. Ujumbe hupanda uti wa mgongo, huvukia upande wa pili kwenye shina la ubongo, huingia thalamasi, lango lenyewe la katikati ya ubongo, na hapo seli nyingine huupokea na kuufikisha kwenye gamba la ubongo, yaani tabaka lake la nje. Kutoka kifundo cha mkono hadi gamba ni takriban sehemu 20 za elfu za sekunde. Noti haijakunjuliwa, chenji imeshajulikana.

Thalamasi ni nini?

Ni mafundo mawili yenye umbo la yai, moja kila upande, kila moja lina urefu wa kama sentimita 3. Kuona, kusikia na mguso kila kimoja kina chumba chake humo. Harufu tu, hata ya nyama choma, hufika kwenye gamba bila kupiga hodi hapa kwanza.

Kazi yake ni kupitisha ujumbe tu?

La, ingawa wengi hufundishwa hivyo. Katika chumba cha kuona, miunganiko inayotoka jichoni ni kama asilimia 5 hadi 10 tu. Iliyobaki hutoka kwenye gamba lenyewe, shina la ubongo na seli zinazozuia ujumbe. Yaani gamba humwambia bawabu amruhusu nani. Ndiyo maana ukiwa kwenye simu ndani ya matatu ya Rongai, muziki unafifia ingawa spika hazijapunguzwa. Ukisinzia, seli za thalamasi huacha kufuata kila ujumbe, hurusha umeme kwa vishindo, na unapitishwa steji yako.

Gamba hufanya nini na ujumbe huo?

Lina unene wa milimita 2 hadi 4 na tabaka 6. Ujumbe wa thalamasi hutua hasa tabaka la 4, husambaa juu na chini, na tabaka la 6 hurudisha majibu kwa thalamasi. Vidole na midomo vimepewa eneo kubwa, mgongo kidogo. Jaribu: mwenzako afumbe macho, umguse kwa vijiti viwili vya meno kwa pamoja. Kwenye ncha ya kidole atavihisi viwili vikiachana milimita 2 au 3. Mgongoni, hata sentimita 3 huenda akasema ni kimoja.

Thalamasi ikiharibika?

Ganzi ya ghafla usoni, mkononi na mguuni upande mmoja ni dalili ya kiharusi, mara nyingi kwa sababu ya presha isiyotibiwa. (Ganzi ya usiku ya kidole gumba na viwili vinavyofuata ni jambo jingine: kwa kawaida neva imebanwa kifundoni.) Usingoje iishe, usimpe mgonjwa aspirini: huenda damu inavuja, na hilo hujulikana kwa picha ya ubongo tu, kwa kawaida CT scan. Mpeleke hospitali yenye mashine hiyo na useme dalili zilianza saa ngapi. Kama ni bonge la damu, dawa ya kuliyeyusha hutolewa ndani ya saa 4 na nusu.

Mbona wengine huanza kuumwa miezi baadaye?

Dejerine na Roussy, madaktari wa neva wa Paris, walieleza maumivu haya ya baada ya kiharusi mwaka 1906. Mkono ni mzima, lakini shuka ikiupitia unawaka kama umemwagiwa maji moto, kwa sababu hitilafu iko langoni. Panadol mara nyingi haigusi. Daktari huanza na amitriptilini (dawa ya sonona) au dawa za kundi la kifafa, kwa dozi ndogo inayopandishwa polepole.