Kumpima kiongozi kwa janga alilolisimamia

Kila mwanasiasa aliyesifiwa wakati wa janga anapoanza kutajwa kuwania cheo kikubwa zaidi, mimi, ambaye kazi yangu ni kuchambua usimamizi wa maafa, huanza uchunguzi wangu miaka kadhaa kabla ya janga lenyewe.

Rudy Giuliani, aliyekuwa Meya wa New York, alionekana tarehe 11 Septemba 2001, siku magaidi waliposhambulia kwa ndege minara miwili ya World Trade Center jijini humo, akitembea katika mitaa iliyojaa vumbi na kuzungumza na wakazi kwa utulivu. Silidharau jambo hilo hata kidogo, kwani watu walioshikwa na hofu huhitaji sauti ya kuaminika. Hata hivyo, kituo cha jiji cha kuratibu dharura, kilichofunguliwa mwaka 1999, kilikuwa kimewekwa katika jengo namba 7 la World Trade Center, mahali palipokwisha kushambuliwa kwa bomu mwaka 1993. Kwa hiyo kilihamwa asubuhi ile ile kilipohitajika kuliko wakati wowote, na jengo likaporomoka jioni. Redio za wazima moto, zilizosumbua ndani ya minara hiyo mwaka 1993, zilisumbua tena. Wazima moto 343 walikufa, na ingawa hakuna awezaye kusema ni wangapi wangeokoka kama amri ya kutoka ingewafikia wote, miaka minane ya kurekebisha kasoro inayojulikana ni mingi mno, na sehemu kubwa ya miaka hiyo ilikuwa mikononi mwake.

Herbert Hoover anahitaji swali jingine. Alisimamia misaada ya mafuriko ya mto Mississippi ya mwaka 1927, akasifiwa nchi nzima, na mwaka uliofuata akachaguliwa kuwa Rais wa Marekani. Misaada ile ilitegemea sana michango ya hiari na Msalaba Mwekundu. Mdororo wa uchumi ulipoanza mwaka 1929, aliendelea kuamini njia hiyo dhidi ya tatizo la aina nyingine kabisa, na mwaka 1932 akashindwa vibaya. Dalili nzito zaidi kwangu ilikuwa imejitokeza mapema, katika kambi za waathirika wa mafuriko yale: waathirika weusi walilazimishwa kufanya kazi chini ya ulinzi wa silaha, na Hoover alijitahidi taarifa hizo zisienee.

Ndiyo maana, baada ya bajeti za maandalizi na orodha ya aliowateua, nyaraka ninazozitafuta kwa bidii kubwa ni zile zilizomwonyesha mgombea habari mbaya, pamoja na tarehe aliyozitoa hadharani.